Siku Gaudensia Aliposema Hana Neno

Katika nyumba ya Gaudensia, mtaa wa Chemchem, Tabora mjini, hakuna mtu aliyeruhusiwa kulala na neno linalomhusu mwenzake. Kanuni hiyo aliiweka siku alipohamia pale akiwa mjane mwenye mtoto mmoja, Levina, na kwa miaka kumi na minne hakuivunja hata mara moja. Kila jioni, kabla ya sala ya chakula, aliuliza, "Nani ana neno?" na kila aliyekuwapo mezani alijibu kwa zamu. Mwenye neno alilisema, hata kama lilikuwa la aibu. Asiye nalo alisema, "Sina." Yeye mwenyewe alijibu wa mwisho. Baada ya hapo ndipo sufuria ilipofunuliwa.

Mgeni naye hakusamehewa. Fundi bomba mmoja aliyekaribishwa ugali alijikuta anakiri kwamba koki aliyoifunga mchana ilikuwa kuukuu, ameipaka rangi tu. Gaudensia alimshukuru, akampakulia nyama kama wengine, kisha akamwambia kesho arudi aing'oe. Fundi aliporudi alisema hajawahi kuaibishwa kwa upole kiasi kile.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza mishumaa ya nta. Nta aliipata kwa warina asali wa misitu ya Uyui. Aliiyeyusha, akaichuja kwa kitambaa cheupe, kisha akaimimina juu ya tambi zilizoning'inia kwenye fito, mara thelathini, mara arobaini, mpaka kila utambi ukanenepa na kuwa mshumaa. Ni kazi inayotaka mkono uliotulia. Nta ikimwagwa kwa kutetemeka, mshumaa unapata vinundu, na padre ataurudisha. Kila mwaka alitengeneza pia mshumaa mkubwa wa Pasaka wa parokia, akachonga juu yake msalaba na tarakimu nne za mwaka kwa kisu kidogo. Hakuna mshumaa wake hata mmoja uliowahi kurudishwa.

Kanuni ya mezani haikutoka katika kitabu cha dini, ingawa alikuwa mtu wa kanisa. Ilitoka kwa baba yake.

Benjamini, baba yake, alikuwa katekista wa kigango kimoja cha porini, upande wa Igalula. Ujanani aliweka ahadi ya kutokunywa pombe, na aliishika. Alipofika miaka arobaini na miwili vidole vyake vilianza kuchezacheza vyenyewe, kama mtu anayepiga kinanda kisichoonekana. Baadaye mabega. Baadaye miguu ikaanza kwenda mrama, hatua moja ndefu, moja fupi, goti linapanda bila sababu. Watu wakasema katekista amejifunza kunywa kwa siri. Sikukuu moja ya Kutolewa Bwana Hekaluni, akiwa mbele ya maandamano na mshumaa mkononi, mkono ulirushwa pembeni na nta ya moto ikamwagikia bibi mmoja shingoni. Wazee wa kigango walikutana wiki ileile wakamvua ukatekista. Walimwambia arudi atakapoacha pombe. Aliishi miaka tisa zaidi akingojea kuaminiwa, na akafa mwaka 2009 akiitwa katekista mlevi na watu aliowafundisha Baba Yetu.

Matanga yalipokwisha, mama yake Gaudensia, Bernadeta, akiwa anaosha vyombo, alisema kama anayezungumza na masufuria, "Na mama yake baba yako alikufa vivi hivi. Akicheza."

Gaudensia aliacha kufuta sahani. "Nani kakwambia?"

"Ukoo wote unajua. Walikubaliana wasimwambie bibi harusi."

"Na wewe ulijua lini, mama?"

"Nilikuwa na mimba yako."

"Mbona hukutuambia sisi? Mbona hukuwaambia wale wazee siku wanamwita baba mlevi?"

Bernadeta alisugua sufuria ileile iliyokwisha kutakata. "Ningesema ili iweje?" akasema.

Gaudensia alimaliza kufuta sahani. Aliondoka Igalula na swali hilo, na ile kanuni ya mezani ndiyo ilikuwa njia yake ya kulijibu. Aliamini kwamba kama bibi harusi angeambiwa, kama wazee wangeambiwa, baba yake angezikwa na jina lake. Katika hilo hakukosea.

Lakini kulikuwa na jambo jingine aliloliona kwenye msiba huohuo, na hilo hakumwambia mtu kwa sababu wakati ule hakuwa na uhakika analiona.

Pale kijijini alikuwapo Majidi, Mzaramo, ambaye babu yake alikuja na misafara kutoka pwani, akaugua Unyanyembe, akabaki. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu wakati walipobebeana mizigo na kuzikana njiani, na mtani ana haki zake msibani: hukasiriki, hata akisema nini. Jeneza lilipotoka, Majidi alisimama njiani akapaza sauti, "Haya! Mnyamwezi aliyezoea kubeba leo kabebwa! Mzito huyu! Mmemlisha nini, vitabu vya misale?" Watu walicheka katikati ya machozi, na ndivyo inavyotakiwa. Kisha akavaa koti la marehemu, akaanza kutembea mwendo wake. Hatua ndefu, hatua fupi, goti juu, bega mbele, vidole vikipiga kinanda. Aliupata sawasawa. Hata Bernadeta alicheka akijifuta kwa kanga.

Nyuma ya Majidi, kwa bahati tu, alikuwa anapita Damas, kaka yake Gaudensia, akipeleka ndoo ya maji kwa wachimba kaburi. Hatua ndefu, hatua fupi. Goti juu. Maji yakimwagika. Watu wakacheka zaidi. "Damas naye! Mtoto kaingia kwenye utani!" Mmoja akapiga makofi. Damas aligeuka kuona wanamcheka nani, akatabasamu kwa kuwa wote wanatabasamu, akaendelea kutembea.

Gaudensia peke yake ndiye aliyeona kwamba kaka yake haigizi.

Miaka tisa baadaye Damas aliletwa Chemchem juu ya mkeka nyuma ya pikapu. Mkewe alikuwa amerudi kwao, mtoto hawakujaliwa. Gaudensia alimwekea kitanda chumba cha mbele, akampigilia mbao pembeni asianguke. Alimlisha kwa kijiko cha mti kwa sababu cha chuma kilimvunja jino. Na kila jioni Damas alivutwa mezani kwa kiti chake, na swali lilipoulizwa alijikaza mpaka mishipa ya shingo ikatoka, akasema, "Si-na." Hakutaka kurukwa.

Jina la ugonjwa lililetwa miaka mitano baadaye na Daktari Bhumika. Alikuwa mjukuu wa mwenye duka la vitambaa hapo mjini, amezaliwa Tabora, akasomea ng'ambo akarudi kufungua zahanati ndogo. Alimtazama Damas kwa saa nzima, akamwomba afuate kidole chake kwa macho, akauliza habari za Benjamini na za mama yake Benjamini. Kisha akakaa chini.

"Mama Levina, huu si ulevi, wala hakuna aliyewaroga. Unaitwa Huntington. Uko kwenye chembe za urithi, zile tunazopewa na baba na mama."

"Dawa?"

"Dawa ya kuuondoa haipo. Zipo za kupunguza kuchezacheza, na za usingizi."

"Na watoto wa mwenye nao?"

Daktari hakuzungusha. "Kila mtoto ni nusu kwa nusu. Kama kurusha sarafu, mama, na kila mtoto anarushiwa yake. Anayeukosa ugonjwa hawezi kumrithisha mwanawe. Unaishia kwake."

Gaudensia alitazama mikono yake. Ilikuwa na nta kwenye kucha, na ilikuwa imetulia. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu.

Kipimo kilikuwapo. Damu inatolewa Tabora, inasafirishwa Dar es Salaam, kisha nje ya nchi. Jibu linarudi baada ya miezi miwili au mitatu. Gaudensia alitaka itolewe palepale. Daktari alikataa. Alisema huduma hii haitolewi kwa siku moja. Atamwita mara tatu, wazungumze, halafu ndipo sindano.

"Kipimo hiki si kama cha malaria," alimwambia mara ya kwanza. "Cha malaria unapima ili nikupe dawa. Hiki nitakupa jibu, halafu nitakuwa sina cha kukupa. Kwa hiyo niambie wewe: jibu utalifanyia nini?"

Gaudensia alicheka kidogo, kwa sababu alisikia sauti ya mama yake mbele ya masufuria. Ili iweje? Safari hii alikuwa na la kujibu. Akiwa nao, atakwenda kwa paroko akiwa bado anatembea vizuri, amwambie: siku nitakapoyumba, mjue si pombe. Atamfundisha mtu kazi ya nta mapema. Atatafuta wa kumtunza Damas atakapokuwa hawezi yeye.

"Hayo ni mazuri," daktari akasema. "Wengi hawana hata moja. Na Levina?"

Gaudensia alianza kukwangua nta kwenye kucha.

"Jibu lako si lako peke yako," daktari akaendelea. "Ukiwa nao, na yeye anaanza kuwa na nusu yake. Ana haki ya kujua. Ana haki vilevile ya kutojua. Kamuulize kabla hatujaanza."

Kusema kweli Gaudensia hakuwahi kusikia haki ya kutojua. Kwake yeye kutojua kulikuwa hasara iliyompata baba yake kwa uoga wa wengine. Kwamba mtu mzima, mwenye akili, angeweza kuichagua, hilo lilimpita.

Levina, mwanawe, alikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu wa shule ya msingi Lusu, wilaya ya Nzega. Alikuja likizo ya Krismasi. Siku ya pili swali lilipoulizwa mezani, Gaudensia alisema, "Ninalo," akaeleza yote, sarafu na kila kitu. Damas alikuwa amelala kitini.

Levina alisikiliza akichora kwa kidole juu ya kitambaa cha meza. Alipomaliza kusikiliza alisema, "Mama, damu ni yako. Pima. Ila mimi usiniambie."

"Usiambiwe?"

"Usiniambie."

"Hata likiwa jema?"

"Hata likiwa jema. Maana ukisema jema tu, siku usiposema nitajua." Akanyoosha kitambaa. "Mama, mimi sarafu yangu iko mfukoni. Ukiwa nao, inaanza kuzunguka hewani, na itazunguka mpaka nizeeke. Nina watoto tisini na moja darasani. Nina Kulwa, nina harusi baada ya Pasaka. Nataka nikiamka niwaze chaki."

"Na Kulwa je? Bibi yako hakuambiwa, Levina. Ukoo mzima ulijua, yeye hakuambiwa."

"Kulwa anajua babu alikufaje, anamjua mjomba Damas. Nimemwambia ninachokijua. Nisichokijua siwezi kumdanganya."

Hilo lilikuwa jibu la mtu mkweli, na Gaudensia alilitambua, kwa kuwa yeye ndiye aliyemlea. "Haya," akasema. "Sitakwambia." Akaapa, mkono juu ya meza.

Jibu lilirudi Machi, katikati ya Kwaresima. Daktari Bhumika alifunga mlango wa chumba chake, akaweka bahasha juu ya meza.

"Naweza kuichana bila kuifungua. Wapo walioniomba hivyo."

"Fungua, mwanangu."

Akafungua. Akasoma, akasoma tena, kisha akainua macho. "Unao, mama. Pole sana."

Gaudensia aliuliza jambo moja tu. "Lini?"

"Karatasi haisemi lini."

Alirudi kwa miguu, akipita kando ya reli. Aligundua kwamba anaitazama miguu yake mwenyewe, na kwamba mtu akiitazama miguu yake sana inaanza kutembea vibaya.

Kesho yake alifanya yale aliyoyasema. Alikwenda kwa paroko, akamweleza yote, akamwomba ayaweke moyoni mpaka harusi ipite, kisha awaambie wazee wa kanisa. Padre alitoa daftari akaandika mbele yake: Gaudensia Benjamini hanywi pombe; atakapoanza kuyumba ni maradhi ya ukoo. Gaudensia akamwomba amsomee alichoandika. Akasomewa mara mbili. Alipotoka nje alilia kwa mara ya kwanza, na kilio kile hakikuwa cha huzuni peke yake, kwa sababu sentensi hiyo fupi ndiyo ambayo hakuna aliyemwandikia baba yake.

Wenye kudharau kipimo hiki kwa kuwa hakina dawa waikumbuke sentensi hiyo. Ilikuwa na thamani yake, na Gaudensia hakuijutia hata baadaye.

Jioni ileile, wakiwa wawili mezani, alimwambia Damas. Damas alimshika mkono. Mkono wake ulikuwa unachezacheza kama kawaida, na kwa kuwa ulimshika kwa nguvu, mikono yote miwili ilicheza pamoja juu ya meza. Gaudensia alitazama asijue ni upi unaoutikisa mwenzake.

Kwa majuma mawili alifanya mazoezi. Alimimina nta akisema, "Sina." Alichuja akisema, "Sina." Alilisema kwa sauti ya mtu aliyechoka, ya mtu mwenye njaa, ya mtu anayewaza mambo mengine, mpaka akapata lililo sawa. Mwanamke aliyemfanya fundi bomba akiri habari ya koki alisimama uani kwake akijifundisha kudanganya kama mtoto anayekariri shairi. Aliona aibu. Lakini ahadi ni ahadi, na aliyeahidiwa ni mwanawe.

Levina aliwasili Jumanne ya Juma Kuu, kwa basi la mchana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda! Huko Lusu hawali?"

"Wanakula, mama, ila mimi nasahihisha madaftari tisini na moja. Mjomba, shikamoo!" Akampiga Damas busu la shavu. "Mbona leo mtanashati hivi? Unaoa wewe au mimi?"

Damas alicheka mpaka kiti kikasogea.

Jioni swali likaulizwa. Damas akasema, "Si-na." Levina akasema, "Sina." Gaudensia akasema, "Sina," akafunua sufuria. Lilitoka vizuri. Alimimina mchuzi, akauliza habari za gauni.

Jumatano ikawa hivyohivyo. Levina alikula kidogo. Baada ya chakula alikaa amshikie mama yake ule mshumaa mkubwa wa Pasaka wakati akichonga tarakimu. Mbili. Sifuri. Mbili. Kwenye nne kisu kilisimama, kikaanza upya, kikamaliza. Nne ilikuwa nzuri kabisa. Wote wawili waliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Alhamisi Kuu walikula mapema ili wawahi misa. Damas akasema lake. Zamu ikaja kwa Levina.

"Ninalo," akasema.

Gaudensia aliweka mwiko chini.

"Mama, wewe ungekuwa mzima ungeshindwa kunyamaza."

"Levina, tuliapa. Hata likiwa jema."

"Tuliapa. Nilisahau naapishana na nani." Sauti yake haikupanda. "Nilipofaulu darasa la saba ulikimbia barabarani umevaa kanga moja, kiatu kimoja, kwa sababu ulishindwa kungoja nirudi kutoka bombani. Jirani anakuuliza kuna moto? Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Ungekuwa huna, ungesema 'Sina' huku unatetemeka kwa furaha. Ungeunguza wali. Ungeimba uani. Ningekukaripia, nikakwambia mama kiapo, na moyoni ningekuwa nimepona. Nimesubiri siku tatu ukosee, mama. Hukukosea. Umesema 'Sina' vizuri sana. Hujawahi kusema 'Sina' vizuri hivyo tangu nizaliwe."

Gaudensia alifungua mdomo.

"Usiseme," Levina akasema. "Bado hujasema. Hata wakikuapisha kwa Biblia, hukusema."

Damas alianza kulia, na kwa kuwa hakuweza kutawala sauti yake, kilio kilitoka kama kicheko. Sufuria haikufunuliwa. Walikwenda misa na njaa, na padre alipoinama kuwaosha miguu wale watu kumi na wawili, Levina hakuwatazama usoni, alitazama miguu.

Baada ya Pasaka Levina alirudi Nzega na kumwambia Kulwa, kwa kuwa sasa alikuwa na neno, na alilelewa asilale nalo. Kulwa hakuwa mtu mbaya. Alisema yeye atamchukua hivyohivyo. Lakini naye alikuwa na wazazi, akawaambia, na wazazi wakakaa kikao. Juma la tatu alikuja Chemchem peke yake, akakaa ukingoni mwa kiti, kofia mikononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Nimeshakaribia. Mama, wazee hawajakataa. Wanasema tu Levina apime. Akiwa hana, tunaendelea kama tulivyopanga."

Levina alikuwa amesimama mlangoni. "Na nikiwa nao?"

Kulwa alizungusha kofia yake, akaitazama kwa ndani kama vile jibu limeshonwa humo.

"Basi," Levina akasema taratibu. "Jibu langu nimelipata bila kutoa damu."

"Levina, mimi nakupenda."

"Najua, Kulwa. Ndiyo maana sitapima kwa ajili ya kikao." Akampelekea maji ya kunywa. Aliyanywa yote, akashukuru, akaondoka, na hakuna aliyepaza sauti.

Gaudensia alitaka kumkimbilia Kulwa, amwambie kwamba alinyamaza kwa nia njema. Hakwenda. Alijua kwamba kosa lake halikuwa siku zile tatu za kunyamaza. Miaka kumi na minne ya kusema kila kitu ndiyo iliyomnyima mwanawe ukimya wa kujificha ndani yake. Daktari Bhumika alimsikiliza alipomsimulia, akasema maneno machache tu: "Nilikufundisha kulipokea jibu, mama. Sikukufundisha kuishi na mtu asiyelitaka." Gaudensia hakumlaumu. Alikwenda pale akiamini kwamba kujua ni wema na kutojua ni uoga, na hakuna aliyeweza kumtoa katika imani hiyo isipokuwa mwanawe.

Damas alifariki Julai. Walimpeleka Igalula, akazikwa kando ya Benjamini. Majidi bado alikuwapo, mzee sasa, meno yamebaki matatu. Jeneza lilipotoka alisimama njiani kwa mkongojo, akapaza sauti iliyopasuka, "Mwingine huyu! Wanyamwezi mmechoka kubeba, kila siku kubebwa nyinyi!" Watu wakacheka. Akaomba shati la marehemu, akalivaa. Akautupa mkongojo. Hatua ndefu, hatua fupi, goti juu. Kwa uzee wake hakuhitaji kuigiza sana.

Watu wote walikuwa wanamtazama Majidi. Gaudensia aliinua macho akamkuta Levina hamtazami Majidi. Anaitazama miguu ya mama yake. Gaudensia aliikusanya miguu yake pamoja, chini ya kanga, akaibana. Macho yao yakakutana. Levina akaangalia pembeni, kisha chini, kwenye mikono yake mwenyewe iliyokuwa juu ya magoti. Akaigeuza, akaitazama viganja, akaiweka chini ya mapaja yake na kuikalia.

Majidi alimaliza, akavua shati, akalikunja vizuri, akampa Gaudensia kwa mikono miwili kama ilivyo desturi. "Pole, mtani wangu," akanong'ona. "Na wewe ukitangulia, nitakutembelea mwendo gani?"

Ulikuwa utani, na mtani hakasirikiwi.

Sasa Levina ana miaka ishirini na sita. Bado anafundisha Lusu. Hajaolewa, na hajapima. Akija Chemchem anafundishwa kazi ya nta, na tarakimu za mshumaa wa Pasaka uliopita alizichonga yeye. Wanakula mezani kama zamani, lakini swali haliulizwi tena. Sufuria inafunuliwa tu.

Gaudensia alipata alichokitaka: atakapoanza kuyumba hakuna atakayemwita mlevi. Kilimgharimu harusi ya mwanawe, na kilimgharimu mwanawe asubuhi za kuamka akiwaza chaki.